Kichwa Kizito Hakivui Samaki

Kuna neno linalotembea kwenye maduka ya zana za uvuvi, kwenye kingo za mito na kwenye video za mafunzo. Limerudiwa mara nyingi mpaka limekuwa kama sheria: ukitaka kuvua kwa fimbo ya mikono miwili, nunua kichwa kifupi na kizito, kisha urushe mbali, mengine yatajipa yenyewe. Nasema neno hilo ni la makosa. Linawagharimu wavuvi wapya fedha, muda na samaki, na wengi wao huacha kuvua wakidhani hawana kipaji. Nitalijibu hoja kwa hoja.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kushika zana hizi, maelezo machache yanahitajika. Katika uvuvi wa inzi wa bandia, chambo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana. Ni chepesi mno, hakirushiki. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao umetengenezwa mnene na wenye uzito, na inzi hufuata nyuma yake. Mtindo wa Spey ulikua kwenye mto Spey wa Scotland katika karne ya 19. Kingo za mto huo zina miti na miinuko, kwa hiyo mvuvi hawezi kuutupa mshipi hewani nyuma yake. Badala yake anaupitisha juu ya maji, anaacha sehemu yake ya mwisho ishike maji kidogo kama nanga, anaufanya mwili wa mshipi uumbe tao la herufi D nyuma ya fimbo, halafu anausukuma mbele kwa mikono miwili. Wazee wa kule walifanya hivyo kwa fimbo za mbao za urefu wa futi 15 na zaidi, na mshipi mrefu wa kipande kimoja.

Kichwa ni kitu kingine. Ni kipande kifupi na kinene cha mshipi, ambacho nyuma yake kimeungwa kwenye mkia mwembamba unaoteleza. Mvuvi anarusha kichwa, nacho kinaukokota mkia kutoka mkononi mwake. Zana hii ilikuzwa pwani ya magharibi ya Marekani katikati ya karne ya 20, hasa na warushaji wa mashindano wa San Francisco. Ilipoingia kwenye fimbo za mikono miwili ilichukua njia mbili. Huko Sweden, Göran Andersson alifundisha urushaji ambao mkono wa chini ndio unaofanya kazi kubwa, na kutokana na mafundisho hayo vikaja vichwa viitwavyo vya Skandi: futi 30 hadi 40, vinavyopungua unene taratibu kuelekea mbele. Kwenye mto Skagit, jimbo la Washington, Ed Ward na wenzake katika miaka ya 1990 walikuja na vichwa vifupi zaidi, vya futi 20 na kitu, vinene mpaka mbele, ili vibebe ncha nzito za kuzama, yaani vipande vinavyoungwa mbele ya kichwa, na inzi wakubwa wa kumvulia steelhead, yule trauti anayekwenda baharini na kurudi mtoni kuzaa.

Hoja ya wengi, kwa haki yake

Watetezi wa kichwa kifupi na kizito si wajinga. Wanasema hivi. Mshipi mrefu wa kizamani unadai miaka ya mazoezi, lakini kichwa kifupi kinampa mgeni mrusho wa maana siku ya kwanza. Uzito ndio unaoikunja fimbo, na fimbo iliyokunjika ndiyo inayorusha. Basi uzito ukizidi, kazi ya mvuvi inapungua. Mito ya samoni ni mipana, na anayerusha mbali anawafikia samaki wasiofikiwa na mwingine. Penye miti nyuma, kichwa kifupi kinahitaji nafasi ndogo. Na mwenye mkia mmoja kwenye rili anabadilisha vichwa kwa kitanzi tu, kwa hiyo anaokoa fedha. Mtu akiuliza maswali mengi kuhusu aina za vichwa, humjibu kwamba mchagua jembe si mkulima.

Kila hoja hapo ina chembe ya ukweli, na ndiyo sababu zimeenea. Lakini zinapowekwa pamoja zinapingana zenyewe, na gharama zake hazitajwi kamwe. Tuanze na ile inayopendwa kuliko zote.

1. Uzito hauleti wepesi

Fimbo inakunjwa na uzito wa mshipi pamoja na kasi ambayo mvuvi anausogeza. Kwenye urushaji wa Spey kuna jambo la tatu, nalo ni mshiko wa maji pale penye nanga. Ukiongeza uzito bila kubadilisha mwendo wa mikono, fimbo inajikunja mpaka karibu na mpini, ncha yake inashuka sana, na inapofunguka inachelewa. Matokeo yanaonekana hewani. Tao la mshipi linalosafiri kwenda mbele linapanuka, upande wake wa juu unaachana na wa chini, upepo unaingia katikati, na kichwa kinaanguka majini kwa kishindo mkia ukiwa bado umebaki mkononi.

Mgeni akiona hivyo anadhani hakutumia nguvu za kutosha. Anaongeza nguvu, fimbo inajikunja zaidi, tao linapanuka zaidi. Akirudi dukani anapewa ushauri ule ule: ongeza uzito wa greni 50. Nimeusikia ushauri huo ukitolewa kwa mtu ambaye shida yake ilikuwa nanga iliyotua mahali pasipofaa, nyuma sana upande wa mkondo, mbali na pale alipokusudia kurusha. Mshipi ulikuwa unajikata wenyewe kila anapourusha. Angepewa kichwa cha uzito mara mbili, shida ingekuwa ile ile, tena kwa kishindo kikubwa zaidi. Hakuna greni zinazotibu nanga mbaya.

Zaidi ya hapo, ule urahisi wa siku ya kwanza una masharti yasiyosemwa. Kichwa cha Skagit kimetengenezwa kirushwe kikiwa na ncha mbele yake. Ukikirusha kitupu, hakuna cha kushika maji, nanga inachomoka na ndoana inapita karibu na sikio. Kichwa cha Skandi nacho kinataka uzi wa mbele, ule mwembamba unaouunga mshipi na inzi, ulio mrefu, usiopungua urefu wa fimbo yenyewe, kwa sababu uzi huo na ncha nyembamba ya kichwa ndivyo vinavyotengeneza nanga. Mgeni anayeambiwa kwamba ufupi ni urahisi hukata uzi wake ukawa mfupi pia, na hapo ndipo anapoanza kuogopa kurusha.

2. Namba ya kwenye fimbo si jibu

Wengi huamini kwamba fimbo ikiandikwa 8, basi kichwa cha namba 8 kinatosha na mjadala umekwisha. Lakini namba hizo zilitokana na kiwango kilichowekwa na watengenezaji wa Marekani mwaka 1961, kinachopima futi 30 za kwanza za mshipi wa fimbo ya mkono mmoja. Kwa kiwango hicho, mshipi wa namba 8 una greni 210, karibu gramu 14. Fimbo ya mikono miwili iliyoandikwa 8 inaweza kurusha kichwa cha Skagit cha greni 550 na zaidi, ambazo ni takriban gramu 36. Namba ni ile ile. Uzito umezidi mara mbili na nusu. Anayenunua kwa kutazama namba peke yake ananunua kwa kubahatisha.

Hata fimbo moja haina uzito mmoja. Kwa kawaida fimbo ile ile inapenda kichwa cha Skagit kilicho kizito kuliko kile cha Skandi, na tofauti huweza kufika greni 50 hadi 100. Sababu ni mwendo. Katika mtindo wa Skagit mshipi unalala majini kwa muda, kisha unang'olewa polepole pamoja na ncha iliyozama, na uzito ndio unaoshinda mshiko huo wa maji. Katika mtindo wa Skandi nanga inagusa tu na kuondoka, mikono inakwenda kwa kasi zaidi, na kasi hiyo inafanya kazi ambayo uzito ungefanya. Kwa hiyo swali la uzito halijibiki kabla hujaamua utarusha namna gani. Na namna ya kurusha haijibiki kabla hujajua unamvua nani, wapi, kwa inzi gani. Hoja ya wengi inaanza mwisho wa mnyororo huu na kurudi nyuma.

3. Mbali siko kwenye samaki wengi

Hapa ndipo hoja ya wengi inapofanya madhara makubwa zaidi. Urushaji wa mashindano hufanyika kwenye bwawa tulivu. Hakuna mkondo, hakuna mwamba, hakuna samaki, na kipimo ni mita. Kwenye bwawa hilo kichwa chenye mkia mwembamba huweza kushinda kwa haki. Kosa ni kuuchukua ushindi wa bwawani na kuufanya sheria ya mtoni.

Samoni anayepanda mto hakai popote. Anatafuta maji yenye kina kinachomficha na mkondo usiomchosha: nyuma ya mwamba, kwenye ukingo wa mkondo mkali, kwenye mwisho wa lindi pale maji yanapoanza kuinuka. Mto ukifurika, mkondo wa katikati unakuwa mkali kupita kiasi, na samaki hupita karibu kabisa na ukingo. Usiku na alfajiri hujisogeza kwenye maji mafupi. Katika hali zote hizo mvuvi aliyeingia mpaka kiunoni ili arushe mita 30 anasimama pale samaki alipokuwa, na mrusho wake unavuka juu ya wale ambao hakuwafukuza kwa miguu.

Sasa tupige hesabu ambayo haionekani kwenye matangazo. Chukua fimbo ya futi 13, yaani karibu mita 4. Kichwa ni cha mita 7.5, ncha ya kuzama mita 3, uzi wa mbele mita 1.5. Jumla ya vitu vinavyorushwa ni mita 12. Ukitaka inzi atue mita 30 kutoka ulipo, ondoa mita 4 za fimbo na mita 12 hizo. Zinabaki mita 14 za mkia nje ya ncha ya fimbo. Kabla ya kurusha tena ni lazima mkia wote huo urudi ndani, kwa sababu ukiacha sehemu kubwa ya mkia nje, huo mkia mwembamba hauwezi kupeleka nguvu kwenye kichwa na mrusho unakufa. Kila mvuto wa mkono ni sentimeta 70 hivi. Hiyo ni mivuto 20 kila baada ya mrusho mmoja. Ukirusha mita 20, mkia wa kuvuta ni mita 4 tu: mivuto sita. Na mwenye mshipi mrefu wa kipande kimoja anayevua umbali huo havuti kitu. Anainua, anageuza, anarusha, na inzi wake amerudi kazini.

Mivuto hiyo 20 si muda tu. Mikunjo yake lazima ishikwe vidoleni kwa mpangilio, mikubwa kwanza, midogo baadaye, la sivyo inasokotana na kukwama kwenye pete ya kwanza. Wakati wa baridi kila mvuto unapandisha maji, maji yanaganda kwenye pete za fimbo, na baada ya muda mkia unakwaruza barafu badala ya kuteleza. Mkia wa nailoni unaoteleza kuliko yote, ule unaosifiwa kwa mita zake, ndio usioshikika kwa vidole vilivyokufa ganzi, na ndio unaokumbuka umbo la rili mpaka uunyooshe kwa mikono kila asubuhi. Mkia wenye gamba la plastiki unashikika vizuri zaidi lakini unapunguza mita. Anayekuuzia mita hakwambii kwamba unazilipia kwa vidole.

4. Kazi inaanza inzi anapotua

Hoja ya wengi inaishia hewani. Inamsifu mtu kwa umbo la tao na kwa umbali, kisha inanyamaza, kana kwamba samaki hukamatwa hewani. Kazi yenyewe huanza pale inzi anapogusa maji. Katika uvuvi huu inzi anarushwa kwa pembe kuelekea chini ya mto, halafu mkondo unamvusha taratibu kutoka upande wa pili mpaka upande wa mvuvi. Samoni haingii mtoni kutafuta chakula. Tangu atoke baharini hali. Anamfuata inzi kwa hasira, kwa mazoea au kwa udadisi, na anachohukumu ni mwendo. Inzi akipita kasi mno anaachwa. Akipita juu mno penye maji baridi anaachwa. Kuutawala mwendo huo ndiyo kazi ya mvuvi.

Mvuvi anautawala kwa kuusahihisha mshipi ulio juu ya maji. Mkondo wa katikati ukiwa na kasi kuliko maji aliyomo inzi, unauchukua mshipi na kuupinda kuelekea chini, na upinde huo unamkokota inzi mbio. Dawa yake ni kuinua mshipi kwa fimbo na kuulaza tena kuelekea juu ya mto. Mwenye mshipi mrefu ana kitu kinene tangu ncha ya fimbo hadi karibu na inzi, na kitu kinene kinaweza kusogeza kitu kinene. Mwenye kichwa cha mita 7.5 kilicho mita 14 mbele ya fimbo ameshika mkia mwembamba. Akiinua fimbo, mkia unanyanyuka, kichwa kinabaki pale pale. Nafasi yake ya kusahihisha ni moja: sekunde ile ile kichwa kinapotua, kabla mkondo haujakikamata. Ikimpita, inzi anakwenda anakopelekwa.

Hapa ndipo mgongano wa ndani wa hoja hii unapoonekana wazi. Kadiri unavyorusha mbali, ndivyo mikondo tofauti inavyokuwa mingi kati yako na inzi, na ndivyo unavyohitaji kuusahihisha mshipi zaidi. Kichwa kifupi kinakupa umbali na papo hapo kinakunyang'anya zana ya kuutumia umbali huo. Wavuvi wazuri wa Skagit wanalijua hilo. Wanarusha umbali wanaoweza kuutawala, wanausahihisha mshipi papo hapo baada ya kutua, wanainua fimbo ili mkia usikamatwe na mkondo, wanapiga hatua na kumwacha inzi azame. Ufundi wao uko katika hayo yote. Kilichosambaa duniani ni uzito wa vichwa vyao. Ufundi umeachwa ukingoni.

5. Miti na nafasi

Inasemwa kwamba penye miti nyuma dawa ni kichwa kifupi. Ukweli ni kwamba tao la mshipi mrefu linahitaji nafasi kubwa zaidi nyuma, na mahali penye ukuta wa matete au mwamba kichwa kifupi humsaidia mtu. Nakubali. Lakini tusisahau kwamba mtindo mzima wa Spey uliundwa kwa ajili ya miti, na uliundwa kwa mshipi mrefu, miongo mingi kabla ya kichwa chochote kutengenezwa. Kinachomnasa mgeni kwenye matawi mara nyingi ni tao lililotupwa juu na nyuma kwa papara. Urefu wa mshipi unasingiziwa.

Na pale ambapo mto ni mwembamba, swali lenyewe linabadilika. Trauti wa milima ya Aberdare nchini Kenya, ambao wa kwanza wao walitokana na mayai yaliyoletwa kutoka Scotland na kuwekwa mto Gura mwaka 1905, wanaishi kwenye maji unayoweza kuyavuka kwa hatua chache chini ya mianzi na vichaka. Pale mrusho wa kubiringisha, ambao ndio mzazi wa mirusho yote ya Spey, unatosha kabisa kwa fimbo ya mkono mmoja na mshipi wa kawaida. Anayempendekezea mvuvi wa Gura kichwa kizito kwa sababu ya miti hajauangalia mto.

6. Nafuu inayozaa matumizi

Hoja ya fedha inasema kichwa kinaokoa. Mkia mmoja, rili moja, vichwa vinabadilishwa. Kwenye karatasi ni kweli. Tazama basi pochi ya mvuvi aliyeifuata kwa miaka michache. Ana kichwa cha kuelea, kingine cha kuzama polepole, kingine chenye tabaka tatu za uzito. Kwa kila kichwa ana ncha za uzito mbalimbali: ya greni 8 kwa futi, ya 11, ya 14. Ana mikia ya aina mbili kwa sababu wa kwanza haushikiki wakati wa baridi. Halafu kichwa chenyewe kikaonekana kizito mno kwa fimbo, akanunua fimbo nyingine ya kukibeba. Aliyeanza kwa kuambiwa kimoja kinatosha ameishia na duka zima, na bado hajui akitumie kipi leo, kwa sababu hakufundishwa kuuliza.

Kuna gharama nyingine ambayo hailipwi na mvuvi. Ncha ya futi 10 ya greni 14 kwa futi ina greni 140, karibu gramu 9, iliyochanganywa na unga wa tangsteni ili izame haraka. Ikitumiwa kwenye maji mafupi kwa sababu tu ndiyo iliyokuja na kichwa, inakwama kwenye mawe, inakatika, na inabaki mtoni na ndoana yake. Na mito yenyewe haina samaki wa kuchezea. Mwaka 2023 samoni wa Atlantiki wa Uingereza aliwekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Steelhead wa eneo la Puget Sound, ambamo mto Skagit unamwaga maji yake, wako chini ya ulinzi wa sheria ya Marekani ya viumbe walio hatarini tangu 2007. Samaki wakiwa wachache, kila lindi lina thamani, na kila mrusho unaotua kwa kishindo juu ya samaki aliyetulia unapoteza nafasi ambayo haitarudi siku hiyo. Ushauri wa kuingia ndani zaidi na kurusha kizito zaidi ungekuwa mbaya hata mito ingejaa. Leo hauna utetezi.

7. Basi tuchague vipi

Mvuvi wa mshipi wa mkono kwenye pwani yetu hachagui chubwi kwa nguvu za mkono wake. Anatazama kina cha maji na kasi ya mkondo. Siku za bamvua anafunga zito, siku za maji mafu anafunga jepesi, na samaki anayemtaka ndiye anayeamua kina. Mpangilio huo wa fikra ndio unaokosekana kwenye maduka ya vichwa, na ndio ninaoutetea.

Swali la kwanza ni inzi na kina. Kama ni majira ya baridi, maji ni baridi na ya rangi, na inzi ni mkubwa wa kunyonya maji, unahitaji kichwa cha Skagit na ncha ya kuzama, kwa sababu hakuna kingine kitakachomng'oa inzi huyo majini bila kuuvunja mgongo wako. Kama ni jioni ya kiangazi kwenye Spey, maji yako chini na ni meupe kama kioo, inzi ni mdogo, wa ndoana ya namba 10 au 12, basi kichwa hicho hicho ni adui. Nguvu yake inampiga inzi mdogo majini kama jiwe. Hapo unataka kichwa cha Skandi chenye ncha ndefu nyembamba na uzi mrefu wa mbele, au mshipi mrefu kama nafasi ipo. Kwenye mto mpana wenye mkondo wa wastani, kama mito ya Norway inayovuliwa samoni, kichwa cha Skandi kinachozama polepole kinapita chini ya msukosuko wa juu na kumshikilia inzi kwenye mwendo unaofaa.

Swali la pili ni nafasi iliyo nyuma yako. La tatu ni umbali wa samaki, na hapa upime kwa macho kabla ya kuingia majini: ukingo wa mkondo uko mita ngapi? Mara nyingi jibu ni kati ya 15 na 22. La nne ndiyo fimbo: kichwa cha Skagit kisizidi sana urefu wa fimbo mara mbili, na cha Skandi kiwe kama mara tatu. Mwisho kabisa ndio uzito, na uanzie upande wa chini wa kiwango alichokitaja mtengenezaji wa fimbo. Uzito ni sahihi pale unapouhisi mshipi umeishika fimbo wakati tao linapoumbika, na bado unaweza kuisimamisha fimbo juu, ikiwa imenyooka, bila kupambana nayo.

Ukishachagua, tumia hivi. Toa kichwa chote nje ya ncha ya fimbo pamoja na mkia kidogo tu, nusu mita hadi mita moja. Weka alama ya wino kwenye mkia pale mkono unaposhika, ili ujue bila kutazama. Vuta kwa mkono wa chini kuelekea tumboni. Mkono wa juu uelekeze tu. Rusha mfupi kwanza ukiwa umesimama ukingoni, maji yakigusa vifundo vya miguu au yasiguse kabisa. Ongeza mita moja moja mpaka pale unapoacha kumtawala inzi, kisha rudi nyuma mita mbili. Hapo ndipo umbali wako wa leo. Kesho mto ukibadilika, umbali utabadilika, na huenda kichwa nacho kikabadilika.

Kuhusu mchagua jembe: mkulima anayejua shamba lake hatumii jembe la kichanga kwenye udongo wa mfinyanzi, na hakuna anayemwita mvivu kwa hilo. Kuuliza si udhaifu wa mgeni. Ni sehemu ya kwanza ya kazi, na anayemkataza mgeni kuuliza anamnyima ufundi wenyewe.

Kwa hiyo nawaambia wanaofundisha na wanaouza: acheni kuanza na greni. Anayekuja kwenu aulizwe kwanza ni mto gani, mwezi gani, inzi gani, na amesimama wapi. Akishindwa kujibu, mpelekeni mtoni kabla ya kumpeleka kwenye rafu. Na wewe uliyekwisha kununua kichwa kifupi na kizito usikitupe; kina siku zake na mito yake. Kitoe siku hizo. Siku nyingine zote kidai kijieleze kama zana nyingine yoyote: je, kinamfikisha inzi pale samaki alipo, kwa kina na mwendo ambao samaki atakubali? Kama hakiwezi, mita zake zote ni za bure.